Kiharusi: Yaliyo mikononi mwa muuguzi ndiyo yanayoulizwa katika mtihani

Na Mwandishi Wetu, Shinyanga

MCHIMBAJI mdogo wa dhahabu anaamka alfajiri, anataka kushika sururu, lakini mkono wa kulia haumtii. Anataka kumwita mwenzake, maneno hayatoki. Mdomo umevutwa upande mmoja.

Tukio la namna hiyo laweza kutokea Nyarugusu mkoani Geita, Kakola jirani na mgodi wa Bulyanhulu, au Mwadui kwenye almasi. Popote litakapotokea, mtaalamu wa kwanza kumwona mgonjwa huyo mara nyingi si daktari bingwa wa ubongo, bali ni muuguzi wa zahanati, wa kituo cha afya au wa zamu ya usiku wodini.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo nchini bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kiharusi huja katika mitihani kama sehemu ya uuguzi wa magonjwa ya ndani. Katika nchi nyingine, kwa mfano Marekani, wauguzi wenye uzoefu wa kuhudumia wagonjwa wa kiharusi wamekuwa na mtihani wao maalumu tangu mwaka 2013.

Makala haya yanakusanya mambo ya msingi ambayo muuguzi anayejiandaa kwa mtihani hana budi kuyajua. Yamepangwa kwa kuzingatia jambo moja: sehemu kubwa ya yale yanayomwokoa mgonjwa wa kiharusi haihitaji mashine ya gharama. Inahitaji muuguzi anayejua afanye nini, na asifanye nini.

Kiharusi ni nini

Kiharusi ni kuharibika kwa ghafla kwa sehemu ya ubongo kutokana na hitilafu ya mishipa ya damu. Neno la kushika hapo ni "ghafla". Udhaifu unaokuja polepole kwa wiki au miezi humfanya muuguzi afikirie ugonjwa mwingine.

Katika ukanda wa dhahabu tofauti hiyo ni muhimu. Mchimbaji anayechoma zebaki kwa miaka anaweza kupata mtetemo wa mikono, usahaulifu na mwendo wa kuyumba. Dalili hizo hujengeka taratibu, nazo mara nyingi hugusa pande zote mbili za mwili. Kiharusi kwa kawaida hupiga upande mmoja, na ndugu wanaweza kutaja saa kilipoanza.

Aina kuu ni mbili. Ya kwanza ni ya mshipa kuziba, ambayo ndiyo nyingi zaidi duniani. Bonge la damu au mafuta yaliyoganda ukutani mwa mshipa huzuia damu isifike kwenye ubongo. Ya pili ni ya mshipa kupasuka, ambapo damu humwagika ndani ya ubongo au katika tando zinazouzunguka.

Kuna pia kiharusi cha mpito, ambacho dalili zake huondoka zenyewe, mara nyingi ndani ya dakika chache au saa moja. Kosa la kawaida ni kumruhusu mgonjwa huyo arudi nyumbani kwa kuwa "amepona". Hatari ya kupata kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika saa 48 za mwanzo, hivyo naye ni mgonjwa wa dharura.

Maumivu makali ya kichwa, kutapika na kupoteza fahamu haraka huashiria zaidi mshipa kupasuka. Hata hivyo, dalili peke yake haziwezi kutenganisha aina hizi mbili kwa uhakika. Kinachotenganisha ni kipimo cha CT-scan. Ndiyo maana aspirini haitolewi kwa kubahatisha kabla ya kujua kama kuna damu iliyomwagika.

Nani yuko hatarini

Kwa Tanzania, takwimu zinazotajwa sana zilitokana na uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kati ya mwaka 2003 na 2006, na kuchapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha umri, kiwango cha kiharusi kwa mwaka kilikuwa wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 Hai na 315.9 Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vilivyo juu kuwahi kuripotiwa.

Matokeo zaidi ya utafiti huo, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha visababishi vilivyo karibu na maisha ya Mtanzania: shinikizo la damu, uvutaji wa sigara, maradhi ya moyo na maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Uwezekano wa kupata kiharusi kwa wenye VVU ulionekana kuwa zaidi ya mara tano ukilinganishwa na wasio navyo. Kwa hiyo, muuguzi anapopokea kijana mwenye kiharusi, aulize pia kuhusu hali ya VVU, kwa faragha na kwa heshima.

Presha ndiyo adui mkubwa kwa kuwa haina maumivu. Mtu anaweza kutembea na 200/120 akijihisi mzima. Kuna pia kisukari, ugonjwa wa vali za moyo na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, ambayo hutengeneza mabonge ya damu moyoni yanayoweza kurushwa hadi kwenye ubongo.

Kanda ya Ziwa ina kisababishi kingine kisichopaswa kusahaulika, nacho ni selimundu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima sampuli 17,200 za damu za watoto wachanga wa kaskazini-magharibi mwa Tanzania, zilizokuwa zimekusanywa kwa ajili ya kipimo cha VVU. Asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa wa selimundu na asilimia 20.3 walikuwa wamebeba kinasaba chake.

Maana yake ni kwamba mtoto wa Shinyanga au Geita anayelegea upande mmoja ghafla anaweza kuwa na kiharusi kilichotokana na selimundu, na tiba yake ya dharura hujengwa juu ya kuongezewa damu. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara watoto wenye mtiririko wa kasi kupita kiasi katika mishipa ya ubongo kulipunguza kiharusi cha kwanza kwa takriban asilimia 92. Katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti wamekuwa wakipima mtiririko huo kwa mawimbi ya sauti na kuwapa dawa ya haidroksiyurea watoto walio hatarini.

Upande gani wa ubongo, dalili gani

Hili ni eneo linalopendwa na watunga mitihani. Ubongo wa kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na wa kulia huongoza upande wa kushoto.

Kiharusi cha ubongo wa kushoto huleta udhaifu wa upande wa kulia na, kwa watu wengi, tatizo la lugha. Eneo la Broca likiumia, mgonjwa huelewa anachoambiwa lakini maneno hutoka kwa shida, moja moja. Eneo la Wernicke likiumia, maneno hutoka kwa wingi lakini hayana maana, na mgonjwa haelewi anachoambiwa.

Kiharusi cha ubongo wa kulia huleta udhaifu wa kushoto pamoja na hali ya kuupuuza upande huo. Mgonjwa anaweza kula chakula cha nusu ya sahani na kuacha nusu ya kushoto kama haipo. Anaweza pia kukana kwamba anaumwa, akajaribu kusimama na kuanguka. Huyu anahitaji uangalizi wa karibu zaidi dhidi ya kuanguka, ingawa anazungumza vizuri.

Ubongo mdogo ulio kisogoni ukiumia, mgonjwa hupata kizunguzungu, kutapika na mwendo wa kuyumba kama wa mlevi. Shina la ubongo likiumia, upumuaji, kumeza na fahamu huwa hatarini.

Katika mikoa hii kuna jambo la ziada. Mzee wa Kisukuma asiyezoea Kiswahili anaweza kuonekana amechanganyikiwa kumbe ameshindwa lugha tu. Kabla ya kuandika kwamba hazungumzi sawasawa, asalimiwe na kuulizwa kwa Kisukuma, na ndugu aulizwe alivyokuwa akizungumza siku zote.

Saa ya mwisho kuwa mzima

Mtafiti Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria mwaka 2006 kwamba mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, chembe za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Ndiyo sababu swali la kwanza kwa ndugu si "ameanza lini kuumwa" bali ni "mara ya mwisho kuonekana mzima ilikuwa saa ngapi".

Aliyelala mzima saa 4 usiku na kukutwa amepooza saa 12 asubuhi huhesabiwa kuanzia saa 4 usiku. Muda wa kukutwa hautumiki.

Hapa upo mtego wa saa zetu. Ndugu akisema "saa kumi", anaweza kuwa na maana ya alfajiri au jioni. Muuguzi akiandika "10:00" kwenye barua ya rufaa, anayepokea atasoma saa nne asubuhi. Kosa la saa 6 ni kubwa kuliko dirisha zima la dawa ya kuyeyusha bonge la damu, ambalo ni saa 4 na nusu. Andika kwa mtindo wa saa 24 na utaje tarehe: 04:00 kwa saa kumi alfajiri, 16:00 kwa saa kumi jioni.

Muda huo pia husafiri barabarani. Kabla ya Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, kufunguliwa Juni 2025, gari la wagonjwa lililotoka Geita kwenda Mwanza kwa njia hiyo lilitegemea kivuko. Daraja limepunguza subira ziwani, lakini haliwezi kurudisha saa zilizopotea nyumbani.

Saa hizo hupotea kwa sababu zinazoeleweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba Dar es Salaam watu wengi walikihusisha kiharusi na mapepo au uchawi na kuanza kwa waganga wa jadi, wakati Hai, ambako ni kijijini, wengi walitaja presha na mambo ya kawaida, nao walianza hospitali. Kwa hiyo, imani hiyo si ya "washamba", na muuguzi anayemkaripia mama aliyechelewa kwa mganga hupoteza ushirikiano wake. Aulize kwa upole alichopewa mgonjwa, hasa kama alinyweshwa dawa akiwa hawezi kumeza.

Akifika zahanati

Katika kituo kisicho na CT-scan, kazi ya muuguzi ni kulinda uhai, kuondoa magonjwa yanayofanana na kiharusi, na kumpeleka mgonjwa mbele haraka.

Kwanza, njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu. Aliyepoteza fahamu alazwe ubavu ili mate na matapishi yatoke. Oksijeni hutolewa iwapo kiwango chake mwilini kimeshuka chini ya asilimia 94, na haipewi kila mgonjwa kwa mazoea.

Pili, sukari. Kipimo cha kidole huchukua dakika moja. Sukari iliyo chini ya milimoli 3.3 kwa lita inaweza kuiga kiharusi kikamilifu, na mgonjwa akapona akipewa glukosi. Ikiwa sukari iko sawa, maji ya mshipani yawe ya chumvi ya kawaida, si ya glukosi.

Tatu, malaria. Mgonjwa mwenye homa na fahamu zilizobadilika katika kanda hii apimwe malaria. Homa pia inaweza kuwa na maana ya uti wa mgongo.

Nne, uso, mkono na maneno. Mwambie atabasamu, anyooshe mikono yote miwili huku amefumba macho kwa sekunde 10, na arudie sentensi fupi. Andika ulichokiona.

Tano, asipewe kitu chochote kwa mdomo, hata kidonge cha presha, hadi apimwe uwezo wa kumeza. Kisha hospitali inayompokea ipigiwe simu kabla gari halijaondoka.

Kuanzia mwaka 2021 serikali ilinunua mashine za CT-scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Kwa hiyo, kabla ya kumtuma mgonjwa, ulizia ni hospitali gani ya karibu ambayo mashine yake inafanya kazi siku hiyo.

Presha: namba za kukariri

Mtu mwenye presha ya 190/100 akiwa na kiharusi cha mshipa kuziba, wengi hukimbilia kuishusha. Hilo laweza kumdhuru. Ubongo ulio pembezoni mwa sehemu iliyokufa huishi kwa kutegemea msukumo huo wa damu.

Kwa mshipa kuziba, bila dawa ya kuyeyusha bonge, presha kwa kawaida haishushwi katika siku ya kwanza isipokuwa imezidi 220/120, au kuna sababu nyingine kama moyo kushindwa kufanya kazi. Kwa anayetakiwa kupewa dawa hiyo, iwe chini ya 185/110 kabla ya kuanza na chini ya 180/105 kwa saa 24 zinazofuata.

Kwa mshipa kupasuka mambo hugeuka. Wengi wao hushushwa mapema na kwa utaratibu, shabaha ikiwa presha ya juu ya takriban 140, kwa maelekezo ya daktari.

Dawa ya kuyeyusha bonge inayotajwa zaidi katika vitabu ni alteplesi: miligramu 0.9 kwa kila kilo ya uzito, isizidi miligramu 90. Asilimia 10 huchomwa kwa dakika moja na inayobaki huingia kwa dakika 60. Baadaye presha na hali ya neva hupimwa kila dakika 15 kwa saa 2, kila dakika 30 kwa saa 6, kisha kila saa hadi zitimie saa 24. Aspirini husubiri saa hizo 24 na CT-scan ya marudio. Kichwa kikiuma ghafla, mgonjwa akitapika au fahamu zikishuka, muuguzi husimamisha dawa na kumwita daktari mara moja.

Homa, sukari na kumeza

Mwaka 2011 timu ya muuguzi mtafiti Sandy Middleton ilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika vitengo 19 vya kiharusi katika jimbo la New South Wales, Australia. Wauguzi wa vitengo vilivyochaguliwa walifundishwa kusimamia mambo matatu kwa saa 72 za mwanzo: homa, sukari na kumeza.

Baada ya siku 90, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 42 katika vitengo hivyo, dhidi ya asilimia 58 katika vitengo vilivyobaki. Vifaa vikuu vya kazi hiyo vilikuwa kipimajoto, kipima sukari na kikombe cha maji. Hakuna hata kimoja kisichoweza kupatikana katika hospitali ya wilaya.

Joto hupimwa kila baada ya saa 4, na likifika nyuzi 37.5 mgonjwa hupewa parasetamoli, huku chanzo cha homa kikitafutwa. Sukari hupimwa mara kwa mara, na ikipanda juu ya milimoli 10 daktari huarifiwa ili itibiwe.

Kumeza ndiko kunakowaangusha wengi. Chakula kikipotea njia na kuingia mapafuni, mgonjwa hupata nimonia, ambayo ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya kiharusi wodini. Hatari huwa kubwa zaidi pale ambapo ndugu ndio wanaolisha. Mama anapoleta uji wa moto kwa upendo, hajui kwamba kijiko kimoja kinaweza kumuua mwanawe.

Kipimo cha kumeza ni rahisi. Mgonjwa awe macho, aweze kukaa wima, aweze kukohoa na kumeza mate. Apewe kijiko kimoja cha chai cha maji, mara tatu, huku muuguzi akiangalia koo na kusikiliza. Akikohoa, akipaliwa, maji yakivuja mdomoni, au sauti ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, kipimo kimeshindikana. Akifaulu vijiko hivyo, hujaribiwa kwa kikombe kidogo.

Aliyeshindwa huwekewa maji ya mshipani na kupimwa tena baadaye. Akiendelea kushindwa, hulishwa kwa mpira wa puani. Aliyefaulu ale akiwa amekaa wima, kidevu kikiinama kidogo, na abaki ameketi kwa dakika 30 baada ya kula. Uji mzito humezwa kwa usalama zaidi kuliko maji matupu. Kibandiko cha "Asipewe chakula" kiwekwe juu ya kitanda, na ndugu waelezwe sababu kwa lugha wanayoielewa.

Wodini, mchana na usiku

Kipimo cha fahamu cha Glasgow kina alama 3 hadi 15: macho 4, maneno 5 na mwendo wa viungo 6. Alama zikishuka kwa 2 au zaidi, daktari aitwe. Kumbuka kwamba asiyeweza kusema kwa sababu ya kiharusi hupoteza alama za maneno hata kama yuko macho kabisa. Kipimo cha NIHSS, kinachopima ukali wa kiharusi chenyewe, kina alama 0 hadi 42, na alama nyingi humaanisha kiharusi kikali zaidi.

Presha ikipanda, mapigo ya moyo yakishuka na upumuaji ukawa wa kukatika-katika, hiyo ni ishara ya shinikizo kubwa ndani ya kichwa. Mboni moja ya jicho kuwa kubwa kuliko nyingine ni ishara ileile. Mgonjwa huinuliwa kichwa kwa nyuzi 30, shingo ikinyooka, na daktari huitwa bila kuchelewa.

Kwa mgonjwa asiye na tatizo hilo, jaribio la mwaka 2017 lililohusisha zaidi ya watu 11,000 halikuona tofauti kati ya kulala chali kabisa na kuinuliwa kichwa. Mgonjwa alazwe kwa namna inayomlinda asipaliwe.

Mgeuze kila baada ya saa 2, na kagua visigino, nyonga na mgongo. Mkono uliopooza uwekwe juu ya mto; usimwinue mgonjwa kwa kuuvuta mkono huo, kwani bega hutoka mahali pake. Mpira wa mkojo usiwekwe kwa ajili ya kuepuka kubadili shuka, kwa kuwa huleta maambukizi. Soksi za kubana miguu zilizokuwa zikivalishwa zamani hazikuonyesha faida katika jaribio la mwaka 2009, na zilichubua ngozi.

Kuhusu kumtoa kitandani, haraka nayo ina mipaka. Jaribio la mwaka 2015 lililohusisha wagonjwa 2,104 lilionyesha kwamba kuwasimamisha na kuwatembeza mara nyingi ndani ya saa 24 za mwanzo kulipunguza uwezekano wa kupona vizuri. Baada ya siku hiyo, mazoezi mafupi yanayoongezwa taratibu ndiyo yanayofaa.

Siku ya kuruhusiwa

Takriban theluthi moja ya wagonjwa wa kiharusi hupata sonona. Mchimbaji aliyekuwa akilisha familia kwa mikono yake na sasa hawezi kufunga vifungo vya shati anaweza kukaa kimya siku nzima. Ukimya huo usichukuliwe kuwa ukaidi au uvivu wa kufanya mazoezi.

Kabla mgonjwa hajaondoka, ndugu mmoja aonyeshe kwa vitendo kwamba anaweza kumgeuza, kumlisha na kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Dawa za presha zielezwe kuwa ni za kudumu. Wengi huziacha wanapojisikia vizuri, kisha hurudi na kiharusi cha pili. Tarehe ya kliniki, jina la dawa na dalili za hatari ziandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka.

Maswali ya kujipima

Swali la 1: Mgonjwa amelegea upande wa kulia, anaelewa maelekezo lakini hawezi kutamka sentensi. Wapi pameumia? Jibu: Ubongo wa kushoto, eneo la Broca.

Swali la 2: CT-scan imeonyesha mshipa umeziba, dawa ya kuyeyusha bonge haitatolewa, presha ni 190/100. Ufanye nini? Jibu: Endelea kupima na kuandika, mwarifu daktari, usiishushe kwa uamuzi wako.

Swali la 3: Baada ya kijiko cha pili cha maji sauti ya mgonjwa imebadilika. Ndugu ana uji mkononi. Jibu: Simamisha kipimo, asipewe kitu kwa mdomo, toa taarifa na mweleze ndugu.

Swali la 4: Mgonjwa wa kilo 70 ameandikiwa alteplesi. Hesabu. Jibu: Jumla miligramu 63, miligramu 6.3 kwa dakika moja na 56.7 kwa dakika 60.

Swali la 5: Presha imepanda kutoka 150/90 hadi 210/80, mapigo ni 48, upumuaji unakatika. Jibu: Shinikizo ndani ya kichwa limepanda. Inua kichwa nyuzi 30, linda njia ya hewa, mwite daktari.

Swali la 6: Mtoto wa miaka 7 mwenye selimundu ameshindwa ghafla kuinua mkono wa kushoto. Jibu: Ni kiharusi hadi ithibitike vinginevyo. Linda njia ya hewa, pima wingi wa damu na kundi lake, andaa damu na rufaa ya haraka.

Anayejiandaa kwa mtihani ayarudie majibu hayo akifikiria kitanda na mgonjwa, si karatasi. Ukweli wa zamu nyingi za usiku ni kwamba muuguzi ni mmoja, wagonjwa ni wengi na daktari yuko mbali. Usiku huo, atakayeamua kama mgonjwa apewe kijiko cha uji au asipewe, agutuke kwa homa ya nyuzi 37.8 au asubiri asubuhi, ni yeye.